Pua ya Kituo cha Maziwa

"Mwenzangu, umesikia? Pua kahongwa."

Mama Redio hakusubiri kukaribishwa. Alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, barakoa imemning'inia kidevuni, na ndoo tupu mkononi ili mtu asije akasema ametoka ndani kwa ajili ya umbea. Upande wa pili, Mama Kinda alikuwa anafua nepi za bintiye. Hakuinua kichwa. Habari za jirani huyu hazikuhitaji kuulizwa, zilitoka zenyewe kama maji ya bomba bovu.

"Kahongwa na nani?"

"Na kiwanda! Na nani tena? Kiwanda hakiyataki maziwa yetu. Hoteli zimefungwa, shule zimefungwa, wamuuzie nani? Sasa watatuambiaje bila aibu? Wamemwita mzee pembeni, wamempa kitu kidogo, naye akaachia maziwa yaliyochacha yaingie kwenye tangi. Tangi zima likaharibika, wao wakapata sababu ya kutufungia. Kazi kwisha."

"Wewe ulimwona akihongwa?"

"Na wewe nawe! Mtu anahongwa hadharani kama anagawiwa pilipili? Kesho kuna kikao cha wanaushirika. Atatueleza siku ile pua yake ilikuwa imesafiri kwenda wapi."

Mama Redio akacheka kicheko chake cha puani, akaondoka na ndoo yake tupu. Mama Kinda akaendelea kusugua nepi ambayo ilikuwa imetakata zamani.

Mzee aliyekuwa anasemwa aliishi chumba cha mwisho kwenye ua huohuo wa Mama Kinda, mlango wa bluu, karibu na choo. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Alikuwa mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha ushirika tangu Mama Kinda akiwa mtoto wa kutumwa chumvi, na tangu wakati huo aliitwa Pua tu, hata na mkewe. Kazi yake ilikuwa hivi: mfugaji anatua dumu, Pua anafungua mfuniko, anaunusa kwanza huo mfuniko upande wa ndani, ndipo anayainamia maziwa. Kisha anasema, "Mimina." Au anasema, "Rudi nayo." Basi. Aliyeambiwa rudi nayo hakubishana, kwa sababu akifika nyumbani akayachemsha, yalikatika mbele ya macho yake, akatamani arudi kituoni kuomba radhi.

Alijua dumu lililokaushwa juani na dumu lililofunikwa likiwa bichi. Alijua ng'ombe aliyeiba majani ya vitunguu shambani kwa watu. Pale uani ndiyo ilikuwa balaa, maana hakuna aliyeweza kupika kwa siri. Akitoka kazini alipita mlango kwa mlango akisoma sufuria za watu. "Mama Kinda, kitunguu kimeungua kidogo, toa moto. Na wewe fundi, leo nyama? Nani kafa ukarithi?" Watu walimcheka, wakamtilia kipande cha nyama asizidi kusema.

Halafu ukaja ule ugonjwa.

Mume wa Mama Kinda alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Shule zilipofungwa alirudi nyumbani na kisu chake cha jikoni kimefungwa kwenye gazeti, akakaa kitandani akitazama mikono yake. Walichobaki nacho kilikuwa ng'ombe mmoja. Mumewe alimpa jina la Shemeji, kwa utani, kwa kuwa alitolewa na kaka wa Mama Kinda. Ukisikia asubuhi mtu anapaza sauti, "Shemeji leo kagoma, mpapase kidogo!" usistuke, ni kukamua tu. Maziwa ya Shemeji ndiyo yaliyokuwa unga, sabuni, na dawa ya kifua ya Kinda.

Lakini ugonjwa uliingia kwenye maziwa bila kuwagusa ng'ombe. Ilitolewa amri watu wasitoke nje jioni, kwa hiyo kituo kikaacha kupokea maziwa ya jioni. Ng'ombe hakuisikia amri hiyo. Jioni aliendelea kujaa, na mtu lazima amkamue. Yale maziwa wengine waliyaweka kwenye beseni la maji wakaomba Mungu, na asubuhi wakayachanganya na mapya, kimyakimya, wakatikisa dumu. Kila mtu alijua kwamba kila mtu anafanya hivyo. Lori la kiwanda nalo lililokuwa linafika asubuhi likawa linafika mchana, kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, dereva anapimwa joto kila anapopita. Na ile spiriti ya kupimia maziwa, inayotiwa kidogo kwenye kikombe ili yaliyoharibika yagande, ilitoweka madukani. Dunia nzima ilikuwa inaipaka mikononi.

Ikabaki pua ya mzee.

Mwenyekiti wa ushirika alichora maduara ya chokaa chini ili watu wasimame mbalimbali, akaagiza barakoa kwa kila mtu. Barakoa ya Pua peke yake ilipewa ruhusa ya kushuka. Aliishusha kwa kila dumu, akanusa, akaipandisha, akaishusha tena kwa linalofuata. Watu walipumua mbele yake, walikohoa mbele yake, walimweleza matatizo yao mbele yake. Mkewe hakuwepo wa kumkataza. Alikwenda kumuuguza binti yao mjini, na barabara zikafungwa akiwa huko.

Kuna siku chache Pua hakuonekana kazini. Aliporudi alisema ni mafua ya vumbi la pumba. Nani angemhoji?

Mama Kinda ndiye aliyeona, ingawa hakujua anaona nini. Aliona kwamba mzee ameacha kusoma sufuria za watu. Anapita mlango kwa mlango, kimya, anafungua chumba chake, anajifungia. Mama Kinda akafikiri: atasoma nini, na sufuria zote zina uji? Siku moja maharage ya mzee yaliungua juu ya jiko la mkaa mpaka moshi ukajaa ua, naye amekaa kando yake kwenye kigoda, anamchezesha Kinda magotini. "Mzee, maharage!" Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Na kwenye yale magoti Kinda alikuwa ameshajiharibia, nepi imejaa mpaka mgongoni, harufu unaisikia toka mlangoni. Mzee alikuwa anamwimbia.

"Mzee unampenda mjukuu wako kweli," Mama Kinda alisema akimpokea mtoto kwa aibu. "Mwingine angeshamtupa."

Pua alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Muda mfupi baadaye Mama Kinda alirudishiwa maziwa.

Alikuwa amesimama kwenye duara lake, Kinda mgongoni, dumu mbele ya miguu. Maziwa ya jioni hakuyachanganya. Alimnywesha mtoto, na yaliyobaki alimpa mama mkwe. Lile dumu lilikuwa la asubuhi tupu, bado lina joto la Shemeji. Pua akafungua, akanusa mfuniko, akainama. Akakaa pale akiwa ameinama kwa muda. Kisha akainua macho, akatazama foleni yote iliyokuwa nyuma, akamtazama yeye.

"Rudi nayo."

Watu waligeuka. Nyuma yake Mama Redio akasema, si kwa sauti ndogo, "Dumu linaoshwa, mama! Si kubeba mtoto tu."

Nyumbani aliyanusa. Hakusikia kitu. Aliyaonja, yakawa matamu. Lakini yeye ni nani mbele ya Pua? Aliyamwaga kwenye shimo la takataka, taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea maiti, na Kinda akinyoosha mikono kuudaka ule weupe unaoanguka. Mchana ule mtoto alikunywa uji wa maji.

"Labda ni jasho la mtoto," mumewe alisema. "Unambeba, unainama, linadondokea."

Tangu hapo alilisugua dumu kwa jivu na maji ya moto mpaka vidole vikapasuka. Na tangu hapo alimwacha Kinda nyumbani. Alikuwa akifika kona ya barabara bado anamsikia akilia, matiti yanamvuja, na yeye hageuki, kwa sababu aliamini kwamba mwanawe ananuka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku ya tangi. Mbele yake kwenye foleni alisimama Bwana Trekta, mfugaji mkubwa, mwenye madumu ya alumini yanayoshushwa na watu kutoka kwenye gari. Bwana Trekta hakuwa mtu wa kuambiwa neno. Pesa ya kununulia lile tangi nusu aliitoa yeye, na hakuacha wiki ipite bila kuwakumbusha. Mfuniko wa kwanza ulipofunguliwa, Mama Kinda alisikia harufu. Chachu. Ilipenya kitambaa cha barakoa ikampiga puani. Akashtuka, akajitazama kifuani. Gauni lake lilikuwa limelowa pande zote mbili kwa maziwa ya Kinda, na maziwa ya mama yakikauka kwenye nguo huchacha. Ni mimi, alifikiri. Ni mimi tena. Akarudi nyuma, akatoka kabisa nje ya duara lake ili harufu yake isimharibie mtu kazi.

Pua alinusa mfuniko. Hakuwa anaangalia mfuniko wala maziwa. Alikuwa anaangalia uso wa Bwana Trekta.

"Vipi, mzee? Leo unasali?" Bwana Trekta alisema.

"Mimina," alisema Pua.

Lori lilifika mchana, likabeba, na kabla jua halijazama likarudi likiwa bado limejaa. Kiwanda kimeyakataa yote, na kimesema kisitafutwe tena mpaka kitakapotafuta chenyewe. Dereva aliyamwaga kwenye mtaro nyuma ya kituo. Yalikuwa mengi kiasi kwamba yalikwenda na mkondo, yakabeba makopo na majani, yakazunguka nyumba ya mtengeneza baiskeli. Watoto walisimama kutazama mto mweupe. Siku zilizofuata hakuna aliyepita pale bila kubana pua, na mbwa wa mtaa mzima walihamia huko.

Dereva alisema alipakia maziwa yaliyokwisha kuchacha. Pua alisema yaliingia tangini yakiwa mazima, ni lori lililochelewa juani. Kiwanda kikamsimamisha dereva kazi mpaka kikao cha ushirika kiamue. Wakati huo watu walikuwa wanakamua na kumwaga, wanakamua na kumwaga. Walimpa ndama, walimpa nguruwe wa jirani, walioga nayo kwa mzaha mpaka mzaha ukaisha. Waliokuwa wakila kwa maziwa wakaanza kuwala ng'ombe wenyewe, maana mchinjaji ndiye pekee aliyeendelea kulipa. Dukani, mita chache kutoka kwenye ule mtaro, maziwa ya unga ya kopo yalipanda bei, na mama mmoja alionekana akiomba apimiwe kijiko.

Mama Kinda alipita pale mtaroni siku moja akimpeleka Shemeji kunywa maji. Alimkuta Pua anafagia nyuma ya kituo kilichofungwa. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amesimama juu kabisa ya uozo ule, nzi wamemzunguka kama wageni, barakoa iko mfukoni, anafagia polepole na kupumua kwa mdomo na kwa pua, vizuri, kama mtu aliye kwenye bustani. Mama Kinda alikuwa ameshika ukosi wa gauni puani mpaka machozi yanamtoka. Walitazamana. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Hapo ndipo maharage na nepi na kimya cha uani vilipokaa mahali pake.

Hakumwambia mtu. Hata hiyo siku ya Mama Redio na ndoo yake, alianika nepi zake akaingia ndani. Lakini jambo lenyewe lilimfuata. Alasiri hiyohiyo, mumewe akiwa ametoka kutafuta kibarua cha kupakua mizigo, alisikia hodi. Ilikuwa hodi ya mtu anayeomba kukaribishwa huku akiomba asikaribishwe.

"Karibu, mzee."

"Nitakaa hapa hapa, mwanangu. Nje. Ni salama zaidi." Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jirani, ng'ambo ya kamba ya nguo. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, limepigwa pasi. Kinda alitambaa kumfuata na Mama Kinda akamdaka mguu.

"Amekua," mzee alisema.

"Ameota meno mawili."

"Eh. Mawili." Akamgeukia Mama Kinda. "Unajua, sivyo?"

"Najua nini, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Ulinikuta pale mtaroni. Nimekaa miaka yote hii naangalia nyuso za watu wakati nanusa, najua uso wa mtu aliyejua."

Mama Kinda alimpakata mwanawe. "Tangu lini?"

"Tangu yale mafua. Niliamka asubuhi nikapika chai, nikasema hii tangawizi imelala. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Nikala kipande kizima cha tangawizi kama muhogo. Hakuna kitu. Nikafungua mafuta ya taa, nikaingiza pua. Hakuna kitu, Mama Kinda. Kama dunia imefunikwa na kioo. Nikasema itarudi kesho. Kila siku nasema itarudi kesho."

"Ungemwambia mwenyekiti."

"Nimwambie nini? Kwamba nina ule ugonjwa, na nimepumulia madumu ya watu wote? Wangenichoma na kituo changu. Na ningepona, wangeniweka wapi? Mimi sijasoma. Mimi ni pua. Ukiitoa pua, hapa kilichobaki ni nini? Babu fulani na shati."

Alisema hivyo akicheka kidogo, na Mama Kinda naye angecheka kama kusingekuwa na swali alilolibeba tangu siku ile ya mtaroni. Alilitoa polepole, sauti yake ikiwa ya chini, kama anavyosema na mtoto aliyelala.

"Maziwa yangu, mzee. Yale uliyonirudishia."

Pua alitazama chini, akaanza kuchokoa ufa wa saruji kwa ukucha.

"Nisingeweza kusema mimina, mimina, mimina kwa kila mtu. Wangenishtukia. Ilibidi wengine niwarudishe. Kwa kubahatisha tu."

"Kwa kubahatisha."

"Kwa kubahatisha."

"Ulitazama foleni nzima, mzee. Nilikuona. Ukanitazama mimi."

Pua alizidi kuchokoa ule ufa. Nje ya ua mtu alikuwa anaita paka.

"Wewe ungelia, ungeenda nyumbani," alisema mwishowe. "Yule mjane wa kule juu angelia, angeenda nyumbani. Mzee wa baiskeli vilevile. Bwana Trekta ningemwambia rudi nayo, angeyachemsha palepale, angeita watu, angenusisha kituo kizima. Sikuwa na nguvu za Bwana Trekta."

Mama Kinda aliweka midomo kwenye utosi wa Kinda. Mtoto alinukia sabuni, na chini ya sabuni jasho lake mwenyewe, tamu, kama mkate uliotoka kuiva. Aliivuta harufu ile mpaka ndani kabisa. Zile asubuhi zote alizomwacha akilia. Lile shimo la takataka. Vidole vyake vilikuwa bado vina nyufa, akiviweka kwenye chumvi vinachoma.

"Nilimwacha mwanangu nyumbani kwa ajili ya neno lako," alisema. "Niliamini ananuka."

"Najua. Nilikuwa nakuona unakuja peke yako. Kila siku nilikuona."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema kitu."

Alisema bila kujitetea, na hilo lilimchoma Mama Kinda zaidi kuliko kama angejitetea. Alitaka kusimama afunge mlango. Lakini mzee yule alimwimbia Kinda nyimbo ambazo hata babu yake wa damu hakuwahi kumwimbia. Akabaki amekaa.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba msamaha," alisema.

Pua alitikisa kichwa. Alitoa barakoa mfukoni, akaivaa, akaivua tena, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kofia yake mbele ya bosi.

"Msamaha nitakuomba siku nyingine, nikiwa na uso. Leo nimekuja kwa ajili ya kesho. Mwenyekiti amesema jambo moja tu litaamua. Kama pua yangu ilikuwa nzima, basi maziwa yaliingia yakiwa mazima, na lori ndilo lililoyaharibu. Jina langu linabaki, na kituo kikifunguliwa nabaki mlangoni. Kama pua ilikuwa imekufa, nimekwisha. Atawasimamisha wale niliowarudishia, awaulize mmoja mmoja: je, mlipofika nyumbani, kweli yalikuwa mabovu? Mjane ameshaapa yake yalikuwa mazima. Mzee wa baiskeli naye vilevile. Wamebaki wakikusubiri wewe, kwa sababu wewe hukulalamika hata siku moja, na watu wote walisikia maneno ya Mama Redio pale foleni. Wewe watakuamini."

"Na dereva?"

"Dereva ana mikono na leseni. Atapata lori jingine."

Kinda alijichomoa, akatambaa chini ya kamba ya nguo, akamfikia mzee, akashika suruali yake ajaribu kusimama. Mzee hakumgusa. Alimtazama tu akiyumba pale.

"Wakikuuliza, Mama Kinda, sema yalikuwa yamechacha. Sema ulifika nyumbani ukayachemsha yakakatika. Wakikuuliza kwa nini, sema una mtoto mdogo, hukuliosha dumu vizuri. Nakuomba, mwanangu. Wewe bado kijana. Kwako watasahau."